Nani Kasema Bila Vita Hapana Mchezo?

Kuna kauli iliyokwisha kuzoeleka katika meza za michezo ya kuigiza wahusika, nayo ni kwamba mchezo huanza pale panga zinapochomolewa. Yote yaliyotangulia ni porojo za kupitishia wakati. Wenye kuisema huisema kwa yakini ya mtu anayetaja saa. Yakitokea mapatano ya kufanywa, kesi ya kusikilizwa, jangwa la kuvukwa au siri ya kuchunguzwa, wao huegemea viti vyao, hutafuta vikombe vya chai, na kumwuliza mwendesha mchezo ni lini maadui watatokea. Kauli hiyo ni ya kupingwa. Kwanza si kweli kwa historia ya mchezo wenyewe. Pili ni dharau kwa neno, na wapenzi wa ushairi, ambao neno ndiyo mali yao, wana haki ya kuisikia ikijibiwa.

Kwa msomaji asiyepata kuiona michezo hii, maelezo machache yanatosha. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye mwendesha mchezo: huueleza ulimwengu wa kubuni, huwasemea wakazi wake, na huamua matokeo ya mambo. Kila mmoja katika waliobaki humiliki mhusika wake, awe mwizi, mganga, askari au mtawa, na husema mhusika huyo anafanya nini. Panapokuwa na shaka hurushwa dadu, na kitabu cha kanuni hueleza maana ya hesabu iliyotoka. Hapana jukwaa wala watazamaji. Hadithi hutungwa papo kwa papo na wale wale wanaoisikiliza.

Wanaodai kwamba vita ndiyo asili ya mchezo hupenda kuitaja nasaba yake. Nasaba hiyo ipo. Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ulizaliwa na michezo ya vita vya askari wa vinyago. Lakini nasaba ikisomwa, na isomwe yote. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya zama za Napoleon katika mji wa kubuni wa Ujerumani aliouita Braunstein. Kabla majeshi hayajafika, aliwagawia wachezaji nafasi za watu wa mjini: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo. Basi watu wakaanza kunong'onezana pembeni, kupanga njama na kuvunjiana ahadi, mpaka muda ukaisha na vita vyenyewe havikupiganwa. Wesely alidhani ameharibu mchezo. Wachezaji wake wakamwomba aurudie.

Katika marudio ya baadaye, yaliyowekwa katika nchi ndogo ya kubuni ya Amerika ya Kusini, Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi. Kwa masimulizi ya waliokuwapo, aliibuka mshindi kwa hila na ulimi, akijifanya jasusi wa Marekani na kuwafanya wenziwe wamwamini. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wazazi wawili wa mchezo ambao leo unaambiwa kwamba bila upanga haupo.

Na vijitabu vitatu vya mwaka 1974 navyo vifunguliwe. Humo imo kanuni ambayo wapiganaji wa mezani wameisahau. Wahusika wakikutana na kiumbe mwenye akili gizani, mwendesha mchezo hurusha dadu mbili za pande sita kujua kiumbe huyo amewapokea vipi. Ikitoka 2 hadi 5, amewachukia. 6 hadi 8, amesita. 9 hadi 12, amewaridhia. Anayejua kuhesabu na ahesabu: katika matokeo 36 yanayowezekana, 10 tu ndiyo ya chuki. Mara 26 kati ya 36 mlango wa maneno u wazi au umeegeshwa tu. Tena kitabu kinasema hesabu hiyo yaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa hongo, kwa hofu na kwa mengine ya namna hiyo. Wahenga wa pwani walisema kwamba neno jema humtoa nyoka pangoni; vijitabu vya Wisconsin viliandika kanuni ya jambo hilohilo, dadu zikiwa mkononi.

Halikuwa hilo pekee. Alama za uzoefu, ambazo kwazo mhusika hupanda daraja, zilipatikana zaidi kwa hazina kuliko kwa kuua. Katika toleo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, kumshinda kiumbe wa daraja ya chini kabisa kulileta alama 10 au pungufu, hali kila sarafu ya dhahabu iliyofikishwa salama ilileta alama 1. Kasha lenye sarafu 100 lililotolewa pangoni kwa ujanja, mlinzi wake akiwa amelala au amelaghaiwa, lilikuwa na faida mara 10 ya kumchinja mlinzi huyo. Mwenye akili aliona mara moja njia ipi ni ya kufuatwa. Kisha, katika toleo la mwaka 1989, malipo ya hazina yakafanywa jambo la hiari tu. Tangu hapo mkono ulioshika upanga ukaonekana ndio unaojua kuchuma, na kizazi kilicholelewa hivyo kikaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu azali.

Sasa na iulizwe bila ya hasira: kwa nini vita vinapendeza mezani? Asiyefikiri atajibu kwamba watu wanapenda damu. Hasha. Hapo mezani hapana damu. Pana karatasi, kalamu na vipande vya plastiki. Vita vinapendeza kwa sababu vimetengenezewa umbo. Kila mtu ana zamu yake. Kila mtu anajua adui yuko umbali gani na yeye mwenyewe amebakiza uhai kiasi gani. Ana mambo manne au matano ya kuchagua, na kila moja lina gharama yake. Pigo moja halimalizi kazi. Hali hupanda na kushuka, mwenzio huja kukuokoa, na kukimbia pia ni njia. Kwa lugha ya washairi, kitabu kimevipa vita vina na mizani. Mazungumzo, safari na uchunguzi vimeachiwa viwe guni, kisha watu wanashangaa kwamba haviimbiki.

Tazama namna mapatano yanavyoendeshwa katika meza nyingi. Wahusika wamesimama mbele ya mfalme. Mchezaji anasema: "Namshawishi." Mwendesha mchezo anasema: "Rusha." Dadu inasema kumi na saba. "Haya, amekubali." Kwisha. Sasa na vichezwe vita kwa mtindo huohuo. "Nalipiga joka." "Rusha." "Kumi na saba." "Haya, limekufa." Nani angebaki mezani usiku wa pili? Nani angenunua kitabu? Hakuna anayethubutu kuvitendea vita hivyo, kwa kuwa vita vinaheshimiwa. Neno ndilo linalotupiwa dadu moja kama mfupa, kisha likaambiwa halina ladha.

Haki isemwe kwamba watungaji waliliona tatizo hili. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka 2008, lilileta utaratibu wa changamoto za ustadi: wahusika wafaulu mara kadhaa kabla ya kushindwa mara kadhaa, kila mmoja akitumia ustadi alio nao. Nia ilikuwa njema, na hesabu zake zikaja kurekebishwa na wachapishaji wenyewe. Lakini mezani kwingi ugonjwa ulibaki. Mchezaji alitazama karatasi yake, akatafuta ustadi wenye namba kubwa, akautangaza, akarusha. Mwingine akafanya vilevile. Mwisho wakahesabu. Mfalme aliyekuwa anashawishiwa hakuwa na jina wala haja wala hofu. Angeweza kuwa nguzo ya mlango. Hilo ni kosa lililo kinyume cha guni: mizani imetimia, vina vimepangika, na shairi halisemi kitu. Kila msomaji wa mashairi amewahi kulikuta shairi la aina hiyo na kulipita.

Kosa jingine ni la wale wanaodhani kwamba changamoto isiyo ya vita ni fumbo lililoandikwa juu ya mlango. Wameirithi fikra hiyo kutoka pahala pazuri. Katika The Hobbit, kitabu cha J.R.R. Tolkien cha mwaka 1937, Bilbo na Gollum wanategeana vitendawili gizani, na roho ya Bilbo ndiyo iliyowekwa rehani. Gygax mwenyewe alimtaja Tolkien katika orodha ya waandishi waliomvutia, aliyoichapisha mwaka 1979. Lakini Tolkien alikuwa akiandika maswali na majibu yote mawili. Mwendesha mchezo anaandika swali tu. Jibu limo vichwani mwa watu waliochoka baada ya kazi ya kutwa. Wasipolipata, mlango haufunguki, na hadithi nzima inakaa kizingitini. Inapita nusu saa, inapita saa. Hatimaye mmoja anasema tuuvunje mlango, na wapenda vita wanacheka: si mliambiwa?

Hapa ndipo pwani hii ina la kuwafunza wachezaji wa dunia, nalo linajulikana na kila aliyekua akisikiliza bibi yake usiku. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji hutega. Wasikilizaji hujaribu mara moja, mara mbili, mara tatu. Wakishindwa, mchezo haufungwi. Mtegaji husema: "Nipeni mji." Wakimpa mji mdogo huukataa, wakampa mwingine, mpaka aridhike. Huingia katika mji huo kwa maringo, akaeleza alivyopokewa na alivyokula, kisha hulitoa jibu, na kitendawili kingine kikafuata. Kushindwa kumelipiwa. Aliyeshindwa amepoteza mji mbele ya watu, na uchungu wake anausikia. Lakini usiku unaendelea. Mababu waliotunga utaratibu huo walijua kwamba fumbo lisilo na mlango wa kutokea kwa aliyeshindwa linaua baraza.

Watungaji wa Ulaya na Marekani wameifikia hekima hiyo kwa njia yao, na baada ya majaribio mengi. Robin D. Laws alibuni kanuni ambazo Kenneth Hite alizitumia katika Trail of Cthulhu ya mwaka 2008: mhusika mwenye ustadi unaofaa, akitafuta pahala panapostahiki, huupata ushahidi bila ya kurusha dadu. Utamu haumo katika kuiona karatasi iliyofichwa. Umo katika kujua karatasi hiyo ina maana gani na nani atadhurika ikisomwa. Mwaka huohuo Justin Alexander aliandika shauri ambalo waendesha mchezo wengi wamelishika: kwa kila jambo ambalo wachezaji lazima waligundue, wekewa dalili tatu, si moja. Ya kwanza wataipita, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha. Na John Harper, katika Blades in the Dark ya mwaka 2017, anachora duara lililogawanywa vipande vinne, sita au nane, na kila tukio hujaza kipande mbele ya macho ya wote. Mezani hapo kila mtu anaiona hatari inavyokaribia, kama abiria wa jahazi aonavyo wingu.

Kutokana na hayo yote inajengeka kanuni nyepesi ya kuendesha shindano lisilo la upanga. Liwepo jambo la kupotezwa, na wachezaji walijue mapema. Anayekabiliwa awe mtu mwenye haja yake na hofu yake, na zigundulike. Njia ziwe zaidi ya moja, kila moja na bei yake. Hali ionekane inavyopanda na kushuka. Na kushindwa kuwe na mji wa kutoa.

Na ichukuliwe mfano. Mji umezingirwa, watu wana njaa, na ghala la nafaka limefungwa. Mlinzi wa ghala ameapa kutolifungua bila ya muhuri wa mtawala. Wahusika wanataka lifunguliwe kabla ya alfajiri. Mwendesha mchezo mvivu atasema: rusheni dadu. Mwendesha mchezo mwenye adabu ya kazi yake amekwisha kujua mambo matatu: mlinzi ana binti mgonjwa upande wa mji wenye njaa, karani wa ghala anatafuta sababu ya kumng'oa mlinzi kazini, na mwenye muhuri ameuawa jioni ile ukutani, ila habari haijafika. Anachora maduara mawili ya vipande sita. La kwanza ni ridhaa ya mlinzi. La pili ni alfajiri.

Mchezo ukianza, kila hatua inajaza kitu. Anayekwenda ukutani kuuleta muhuri kutoka katika maiti atajaza vipande vitatu vya ridhaa, na viwili vya alfajiri kwa umbali wa njia. Anayejitolea kuandika kwa mkono wake kwamba dhambi ya kiapo iwe juu yake atajaza viwili, na hati hiyo itabaki duniani. Siku moja itasomwa mahakamani. Anayetisha atapata kipande upesi, lakini karani amesikia, na sasa yuko njiani kwenda kushitaki. Anayemtaja binti bila ya kuulizwa yamfaa apime maneno yake, maana huruma na vitisho hutoka mdomoni kwa sauti moja. Alfajiri ikijaa kwanza, ghala halifunguki. Wahusika wanatoa mji wao, pengine kwa kuuza silaha zao kwa karani ili wapate magunia machache. Usiku mzima haikumwagika damu hata tone, na hakuna aliyekumbuka chai.

Wapo watakaoleta hoja nzito zaidi, nayo isikwepwe. Watasema: mchezaji mwenye kigugumizi, au mwenye haya, naye ana haki ya kuigiza malenga. Asiye na nguvu haambiwi anyanyue jiwe ndipo mhusika wake alinyanyue; kwa nini asiye na ufasaha aambiwe ahutubu? Hoja hii ni ya kweli, na inawaumbua waendesha mchezo wengi wapendao fasihi, ambao huwatunuku wasemaji hodari na kuwaacha wengine kimya. Jawabu lake ni kwamba kinachopimwa hakiwi uzuri wa sauti. Mchezaji na aseme mhusika wake anatoa nini, anajua nini, na anamgusa mlinzi upande gani wa moyo. "Namwambia kwamba nitaandika hati" inatosha. Dadu na zirushwe kwa yale yaliyobaki shakani, kama vile mlinzi anaiamini hati au la. Washairi nao walisikie hili bila ya kununa: beti tamu zisizo na hoja hazifungui ghala.

Wengine watadai kwamba michezo isiyo ya vita ni mambo ya wachache, ya msimu mmoja. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen ilitolewa mwaka 1981, na imechezwa kwa zaidi ya miaka 40. Humo anayekimbilia bunduki mbele ya madude ya kutisha aghalabu hufa, na miongoni mwa stadi zinazookoa maisha upo ustadi wa kutumia maktaba. Katika Pendragon ya Greg Stafford, ya mwaka 1985, askari ana sifa zilizopangwa kwa jozi, kama huruma na ukatili, ambazo jumla yake ni 20. Ikizidi hii hupungua ile, na upo wakati anapolazimika kurusha dadu dhidi ya moyo wake mwenyewe mbele ya adui aliyepiga magoti. Ryuutama, iliyotungwa Japani na Atsuhiro Okada mwaka 2007, imeijenga safari yenyewe kuwa mchezo: mvua, matope, chakula, viatu. The Quiet Year ya Avery Alder, ya mwaka 2013, inawapa wachezaji ramani tupu na karata 52, kila karata ikiwa wiki moja katika maisha ya jamii iliyookoka balaa. Watu hugombana juu ya kisima na ghala mpaka mwaka unakwisha. Huo si msimu mmoja.

Hapana asemaye kwamba vita viondolewe. Utenzi wa vita una nafasi yake, na pwani hii imezitunga tenzi za namna hiyo kwa karne nyingi. Lakini aliyesoma tenzi hizo anajua kwamba kabla ya majeshi kugongana hupelekwa barua, huja wajumbe, hutolewa masharti, mtu huaga mkewe. Mtunzi aliyeyaruka hayo akaanza na mapanga, mapanga yake hayamkati msomaji. Vivyo hivyo mezani: vita vinavyotokea kila mlango hufanana vyote, vita vinavyotokea baada ya maneno kushindwa kila mtu huvikumbuka, kwa kuwa alikuwapo na alijua ni neno gani lililokosewa.

Basi mwendesha mchezo anayelalamika kwamba wachezaji wake hawataki ila kupigana na ajiulize amewapa nini kingine cha kushindania. Kama amewapa fumbo lenye jibu moja, au mfalme asiye na moyo, au dadu moja ya kuamua jambo la siku tatu, lawama ni yake, wala wasilaumiwe wachezaji wala neno. Dawa yake ni rahisi na inaanza kikao kijacho. Zimwi la kwanza litakapotoka gizani, na kabla mtu hajashika upanga, zirushwe kwanza zile dadu mbili za mwaka 1974, na zimwi liulizwe linataka nini.